Dola Moja Dhidi ya Chuo cha Serikali: Uchambuzi wa Kisa cha Mwanafunzi Aliyezuiwa Kuhubiri

Usuli

Majina ya wanafunzi, askari na chuo nimeyaondoa. Shauri lenyewe lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa hiyo anayetaka kuyatafuta atayapata, ila kwa tunachojifunza hapa hayana kazi. Majaji na viongozi wa kitaifa nimewataja, kwa kuwa hao walisema na kuandika hadharani.

Mahali ni chuo cha umma katika jimbo la Georgia, mwaka 2016. Neno "umma" ndilo lenye uzito wote. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani, yanayolinda uhuru wa kusema na wa dini, yanaifunga serikali, hayamfungi mtu binafsi. Chuo cha kanisa au cha wafadhili kinaweza kuweka masharti yake kuhusu nani aseme nini kwenye uwanja wake. Chuo cha jimbo hakiwezi, kwa sababu pale mkuu wa chuo, mkuu wa nidhamu na askari wa getini wote ni serikali.

Msomaji wa Afrika Mashariki, aliyezoea mhubiri wa stendi ya basi na mihadhara ya viwanjani, huenda akashangaa kwamba katika nchi inayojisifia uhuru wa kusema mtu alihitaji kibali ili azungumze na wenzake kuhusu dini. Ndivyo ilivyokuwa. Vyuo vingi vya Marekani vilikuwa vimejiwekea maeneo maalumu ya kujieleza. Hoja ya maafisa ilikuwa utulivu: masomo yasivurugwe, njia zisizibwe. Hoja hiyo si ya kipuuzi, na mahakama zimekubali kwa miaka mingi kwamba serikali inaweza kupanga saa na mahali pa mikutano. Shida huanza pale mpangilio unapogeuka kufuli. Katika chuo hiki maeneo yalikuwa mawili, na kwa pamoja yalifikia asilimia 0.0015 tu ya eneo lote. Piga hesabu: katika kila hekta kumi za chuo, ni mita moja na nusu ya mraba.

Mfuatano wa mambo

Mwanafunzi wetu alikuwa Mkristo wa kiinjili aliyeamini kwamba kuwashirikisha wengine imani yake ni sehemu ya imani hiyo. Alisimama kwenye uwanja wa wazi karibu na maktaba, mahali ambapo wanafunzi hukusanyika kwa kawaida, akaongea na waliotaka kuongea naye na kuwagawia vipeperushi. Askari wa chuo akamfuata, akamwambia kanuni haziruhusu kugawa maandishi ya dini pale. Akaacha.

Hakurusha maneno. Alikwenda ofisi inayosimamia nidhamu ya wanafunzi kuuliza. Akaambiwa na mkurugenzi kwamba kuhubiri na kugawa maandishi kunaruhusiwa katika yale maeneo mawili tu, tena baada ya kupata kibali. Akajaza fomu, akapewa kibali.

Siku ya kibali ilipofika alisimama palepale alipoelekezwa akaanza kusema. Baada ya dakika 20 akaja askari mwingine. Safari hii kosa halikuwa mahali, maana mahali alikuwa amepewa. Kosa lilikuwa kwamba watu wamelalamika. Sera ya chuo ilikataza kutumia maeneo hayo kusema chochote kinachovuruga amani au hata "raha" ya mtu mwingine, na kwa kuwa malalamiko yamefika, basi sera imevunjwa. Akionywa kwamba akiendelea atachukuliwa hatua za kinidhamu, mwanafunzi akanyamaza kwa mara ya pili.

Mwanafunzi mwingine wa imani ileile alipoona yaliyompata mwenzake aliamua kutosema kabisa. Mtu huyu wa pili hukaa pembeni katika masimulizi mengi ya kesi hii. Mimi nitamrudia, kwa sababu yeye ndiye anayeonyesha sheria ilipofika mwisho.

Mwezi Desemba 2016 wawili hao waliwashtaki maafisa wa chuo.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa mawakili wa wanafunzi, nao ulikaa kwenye sentensi moja ya hati ya madai. Waliomba nafuu mbili. Ya kwanza ni zuio, yaani mahakama iamuru sera isitumike tena. Ya pili ni fidia ya kiishara, ile ambayo kwa desturi ni dola moja. Hawakuomba fidia ya hasara halisi, maana mwanafunzi hakupoteza ada wala kuumia mwilini. Wengi wangesema dola moja ya nini. Tutaona.

Uamuzi wa pili ni wa chuo, na ulikuwa mbaya. Kwanza walijitetea kwa kudai kwamba maneno ya mwanafunzi yalikaribia kuwa "maneno ya kuchochea ugomvi", aina ya usemi ambayo Katiba haiilindi. Kanuni hiyo ilitoka kwenye hukumu ya 1942 iliyomhusu Shahidi wa Yehova mmoja wa New Hampshire aliyemtolea afisa maneno makali barabarani. Kuichukua na kuibandika kwa kijana anayeeleza Injili kwa kibali cha chuo chenyewe kulimwudhi kila mwenye macho. Septemba 2017 Wizara ya Sheria ya serikali ya Trump, chini ya Jeff Sessions, iliwasilisha mahakamani maelezo ya kuwaunga mkono wanafunzi.

Uamuzi wa tatu, pia wa chuo, ulikuwa wa kijanja zaidi. Waliacha kuitetea sera, wakaibadilisha. Halafu wakaiambia mahakama: sera iliyolalamikiwa haipo tena, hakuna cha kuzuia, shauri halina uhai, litupwe. Wanafunzi walikubali kwamba zuio halihitajiki tena. Walichokataa ni kwamba mambo yamekwisha. Haki ilikwisha kuvunjwa siku ile ya dakika 20, walisema, na kubadilisha karatasi leo hakufuti kilichotendwa jana.

Mahakama ya wilaya, yaani mahakama ya shirikisho ya ngazi ya kwanza, ililitupa shauri mwaka 2018. Mahakama ya rufaa ya mzunguko wa 11, ambayo ni ya shirikisho na husikiliza rufaa za Georgia, ikakubaliana nayo mwaka 2019. Kufikia hapo mwanafunzi wa kwanza alikuwa amekwisha kuhitimu.

Kwa nini chuo kibadilishe sera na bado kipigane miaka yote hiyo ili kisihukumiwe? Majibu ni mawili na yote yanahusu fedha na rekodi. Sheria ya mwaka 1976 inamruhusu anayeshinda kesi ya haki za kiraia kulipwa gharama za mawakili na aliyeshindwa. Lakini mwaka 2001 Mahakama ya Juu ilisema kwamba mdaiwa akijirekebisha kwa hiari kabla ya hukumu, mdai hahesabiwi kuwa ameshinda, hata kama kesi yake ndiyo iliyosababisha mabadiliko. Afisa anayejua hayo anajua pia mlango ulipo: vunja haki, subiri ushtakiwe, pima jaji ameegemea wapi, kisha jirekebishe kabla kalamu haijashuka. Hakuna bili ya mawakili wa upande wa pili, na hakuna hukumu itakayomfunga mkuu wa chuo atakayefuata. Ujanja huu si wa chama kimoja. Ni wa yeyote mwenye ofisi.

Mfano wa karibu ulitokea wakati kesi hii ikiwa bado njiani. Jiji la New York lilikuwa na kanuni iliyomzuia mwenye leseni ya bastola kuisafirisha hata kwenda kwenye nyumba yake ya pili nje ya jiji. Mahakama ya Juu ilipokubali kusikiliza shauri, jiji likabadilisha kanuni. Aprili 2020 majaji wengi wakasema hakuna tena cha kuamua kuhusu kanuni ile ya zamani, na Jaji Samuel Alito akaandika upinzani mkali. Wadai wa New York hawakuwa wameomba fidia yoyote kwenye hati yao. Wale wa Georgia walikuwa na dola moja yao.

Matokeo

Mahakama ya Juu ilisikiliza shauri Januari 12, 2021. Jaji Elena Kagan, aliyeteuliwa na Obama, alikumbusha kesi ya mwanamuziki Taylor Swift aliyemshtaki mtangazaji wa redio kwa kumshika vibaya na kudai dola moja tu. Swift hakuwa na shida ya fedha. Alitaka iandikwe kwamba alitendewa ubaya. Sidhani kama wakili yeyote siku hiyo aliieleza hoja vizuri kuliko jaji huyo.

Hukumu ilitoka Machi 8, 2021, kura nane kwa moja. Jaji Clarence Thomas aliiandika. Hakuijenga juu ya hisia za uhuru wa dini. Aliijenga juu ya historia ya mahakama za Uingereza na za Marekani ya mwanzo, ikiwemo kesi maarufu ya 1703 ya mtu aliyezuiwa kupiga kura, kuonyesha kwamba tangu zamani mtu aliyevunjiwa haki alipewa hukumu hata asipokuwa na hasara ya kuonyesha. Kwa hiyo fidia ya kiishara ni nafuu halisi, na inatosha kuliweka hai shauri ambalo haki imekwisha kuvunjwa.

Kura moja ya upinzani ilikuwa ya Jaji Mkuu John Roberts. Haikuwa kawaida: ilikuwa mara ya kwanza tangu awe Jaji Mkuu kubaki peke yake upande mmoja.

Shauri lilirudishwa chini, na mwaka 2022 likaisha kwa makubaliano: zaidi ya dola 800,000 za fidia na gharama za mawakili. Mwaka huohuo gavana wa Georgia, Brian Kemp wa chama cha Republican, alitia saini sheria inayokataza vyuo vya umma vya jimbo hilo kuwafungia wanafunzi kwenye maeneo maalumu ya kujieleza.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kwanza ni mwenendo wa mwanafunzi. Aliambiwa aache, akaacha. Akaenda ofisini kuuliza, akaomba kibali, akasimama alipoambiwa asimame. Kila hatua ya utii wake ilimwondolea chuo kisingizio kimoja, mpaka kikabaki kimoja tu, kile cha malalamiko, ambacho ndicho dhaifu kuliko vyote. Katika siasa za leo za Marekani, ambapo pande zote mbili hupenda kurekodi ugomvi kwa simu na kuusambaza kabla jua halijazama, njia hii inaonekana ya kizamani. Lakini mbele ya jaji ndiyo iliyoacha ushahidi safi.

Pili ni ile sentensi ya dola moja. Thamani yake imepanda tangu wakati huo. Februari 2025, katika kesi ya leseni za udereva kutoka Virginia, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura saba dhidi ya mbili kwamba mdai aliyepata zuio la muda tu, kisha jimbo likafuta sheria yake kabla ya hukumu ya mwisho, hahesabiwi kuwa ameshinda na hapati gharama za mawakili. Maana yake mlango wa kurudi nyuma kimyakimya umekuwa mpana zaidi kwa serikali. Wakili asiyeomba fidia ya kiishara kwenye hati yake leo anauacha mlango huo wazi kwa mikono yake mwenyewe.

Tatu ni jeshi lililokusanyika nyuma ya wanafunzi. Serikali ya Trump iliwaunga mkono. Shirika la ACLU, la kutetea haki za kiraia, ambalo wahafidhina wengi hawalipendi, liliwaunga mkono. Chama cha American Humanist Association, cha watu wasiofuata dini, nacho kiliwaunga mkono. Wasiomwamini Mungu walisimama upande wa mhubiri kwa sababu walijua kesho wao ndio watakaokuwa na vipeperushi. Hoja iliyofungwa kwa Wakristo pekee isingepata kura nane.

Uchambuzi: kilichoshindwa, na mzozo wa wahafidhina wenyewe

Hapa ndipo kisa kinapokuwa na nyama, kwa sababu upinzani wa Roberts nao ni wa kihafidhina kabisa. Hoja yake ilikuwa hivi: mahakama za shirikisho zipo kutatua migogoro iliyo hai, si kutoa maoni juu ya mambo yaliyopita. Wanafunzi hawapo tena chuoni, sera haipo tena, hasara haikudaiwa. Ukiruhusu dola moja ibebe shauri zima, kila mwenye hoja ya kisiasa ataongeza dola moja kwenye hati yake na kumlazimisha jaji kuwa mshauri. Kwa miaka mingi wahafidhina wamelalamika kwamba majaji wanajiingiza katika kila kitu. Roberts alikuwa anawakumbusha maneno yao wenyewe.

Kwa hiyo kuna uhafidhina wa kumzuia jaji na kuna uhafidhina wa kumzuia afisa. Mara nyingi hutembea pamoja, lakini kwenye kesi hii vilifika njia panda. Mimi naona Thomas alichukua njia iliyo sahihi. Jaji akizidisha madaraka kuna rufaa, na kuna hukumu iliyoandikwa ambayo kila mtu anaweza kuisoma na kuikosoa. Afisa wa chuo akizidisha madaraka kisha akafuta sera, hakuna anachoandika. Mwanafunzi wa mwaka unaofuata anakuta chuo kilekile, bila chochote mkononi cha kumwonyesha askari. Lakini sitasema Roberts alikuwa anatetea chuo. Alikuwa anatetea mpaka, na ni mpaka ambao wahafidhina wataukumbuka siku kesi za dola moja zitakapoanza kuwaandama magavana wao.

Lililoshindwa zaidi ni suala la nani aliyelipa. Sheria ya mwaka 1871, iliyotungwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, inamruhusu raia kumshtaki afisa mwenyewe anayemvunjia haki. Ila zile dola 800,000 na ushee hazikuwa adhabu kwa askari aliyesema "watu wamelalamika". Katika kesi za namna hii jimbo ndilo hubeba mzigo, na jimbo hulipa kwa kodi, ikiwemo kodi ya wazazi wa mwanafunzi. Nimesoma wachambuzi wa mrengo wa kulia wakishangilia kiasi hicho kana kwamba serikali imeadhibiwa.

Na muda. Kutoka siku ya kunyamazishwa hadi makubaliano ni karibu miaka sita. Haki ya kusema katika chuo ni haki ya miaka minne.

Sasa yule mwanafunzi wa pili. Hakuna askari aliyemgusa. Alijinyamazisha kwa hofu. Jaji Thomas alisema fidia ya kiishara inahitaji haki iliyokwisha kuvunjwa, na kama ya huyu ilivunjwa aliiachia mahakama ya wilaya iangalie. Baada ya makubaliano, swali hilo halikujibiwa. Sera inayotishia huwanyamazisha wengi bila kumgusa yeyote, na aliyenyamaza mapema zaidi, kwa sababu alitishika zaidi, ndiye mwenye madai magumu kuthibitisha. Afisa mwerevu akijua hilo hatapiga marufuku chochote. Atatoa onyo kwa mmoja na kuwaacha mia wajifunze.

Kanuni ya malalamiko katika mikono mingine

Kiini cha kosa la chuo kilikuwa kumpa mlalamikaji kura ya turufu: mtu akikereka, usemi unakoma. Wahafidhina wa Marekani waliipiga vita kanuni hiyo vyuoni kwa miongo kadhaa, na walikuwa sahihi.

Septemba 2017 upande wao uliliona jambo hilo vizuri kutoka Wizara ya Sheria. Septemba 2025 upande huohuo ukiwa madarakani, mkuu wa tume ya mawasiliano, Brendan Carr, alikerwa na maneno ya mchekeshaji Jimmy Kimmel kuhusu kifo cha Charlie Kirk, mwanaharakati wa kihafidhina aliyeuawa kwa risasi, akaonya hadharani kwamba mambo yanaweza kufanywa kwa njia rahisi au kwa njia ngumu. Siku hiyohiyo kipindi kikasimamishwa, kikarudi baada ya takriban wiki moja. Hapakuwa na amri iliyoandikwa. Seneta Ted Cruz wa Texas, ambaye hakuna anayeweza kumwita mliberali, aliulinganisha usemi wa Carr na wa majambazi wa mafia na kusema ni hatari, kwa kuwa siku moja Wademokrati watakuwa na kiti hichohicho.

Ukiyaweka matukio hayo mawili pamoja, la chuoni ndilo rahisi kulishtaki. Lilikuwa na sera iliyoandikwa, askari, tarehe na kibali. La 2025 lilikuwa na maneno tu ya mtu mwenye leseni za vituo mkononi. Mwaka 2024 majaji wote tisa, katika shauri la chama cha wamiliki wa bunduki dhidi ya afisa wa New York, walikubaliana kwamba afisa haruhusiwi kumtisha mtu wa tatu ili amnyamazishe mwingine. Sheria basi ipo. Lakini aliyepaswa kushtaki ni kampuni ya televisheni, na kampuni yenye maombi ya leseni na ya kuungana mezani kwa tume hiyohiyo iko katika hali ya yule mwanafunzi wa pili.

Yanayobaki wazi kisheria

Jambo moja la kiufundi halijafungwa. Roberts alipendekeza kwamba mdaiwa aweze kuimaliza kesi ya namna hii kwa kutoa dola moja na kukubali hukumu iandikwe dhidi yake. Jaji Brett Kavanaugh, ingawa alipiga kura na wengi, aliandika maneno machache kusema anakubaliana na hilo. Kwa chuo au jiji lenye mawakili wazuri, hiyo ni njia mpya ya kutokea mapema. Tofauti yake na ile ya zamani ni kwamba safari hii karatasi ya mahakama itaonyesha jina la aliyeshindwa, na mwanafunzi ataondoka nayo mkononi pamoja na dola yake. Kama hukumu ya namna hiyo, isiyo na hoja wala maelezo ya jaji, itatosha kumzuia afisa anayefuata, au kumfanya mdai astahili gharama za mawakili wake, ni jambo ambalo mahakama za chini zitaendelea kulibishania.